Msichore Miavuli Juu ya Kichwa cha Anuarite

Si zamani tuliitwa katika mkutano wa komite ya parokia moja. Jina lake hatulitaji, maana wale ni ndugu zetu, na tutakutana nao tena siku ya Mungu mbele ya altare ileile. Shauri lenyewe lilikuwa ukuta wa jumba la mikutano. Walitaka uchorwe picha ya Mwenye heri Anuarite, na jambo hilo ni jema, nani atalikataa? Lakini mchoraji alipoifungua karatasi yake juu ya meza, tuliona kitu kingine. Chini alisimama Anuarite na vazi lake la kitawa. Juu yake mbingu ilijaa miavuli myeupe, na kila mwavuli ulimshusha askari. Katikati ya askari hao alikuwa Malaika Mkuu Mikaeli, upanga mkononi, kana kwamba yeye ndiye mkubwa wa kikosi.

Tukauliza, Hii maana yake nini? Mzee mmoja wa komite akatujibu kwa upole: «Mwalimu, ndio wapara wa mwaka 1964. Walitumwa na Mungu kutuokoa. Wangalifika mapema kidogo, Anuarite angalikuwa hai.» Vijana waliokaa nyuma wakapiga makofi. Mmoja wao akaongeza kwamba hata leo vita vya mashariki vingekwisha kwa juma moja, kama wangeshushwa tena askari wa namna ile.

Usiku ule hatukulala vizuri. Yule mzee tunamheshimu, ametupita kwa umri na kwa mengi aliyoyaona. Sisi hatukuwa tumezaliwa mwaka 1964. Lakini alilolisema si kweli, na picha ile ingelisema neno hilo kila siku kwa watoto wa katekisimu hata tutakapokuwa tumekufa sote. Kwa hiyo tunaandika.

Kwanza mtu ajue askari wa mwavuli ni nini, maana wengi wanamsifu au kumlaani bila kujua kazi yake. Ndege inapita chini sana, pengine mita 200 tu juu ya nchi. Kamba ya mwavuli imefungwa ndani ya ndege, askari akiruka kamba inauvuta mwavuli na kuufungua, naye anafika chini kabla hajamaliza Baba Yetu mbili. Anafika na kile anachoweza kukibeba mwilini: bunduki, masasi ya siku moja au mbili, maji kidogo. Hana gari, hana mzinga mkubwa, wala hana jiko. Wenzake wametawanyika, mmoja mtini, mwingine katika matope. Nguvu yake yote ni kwamba adui hakumtazamia. Saa hizo za kushtuka zikipita, yeye ni askari wa miguu mwenye vitu vichache kuliko adui yake.

Kwa sababu hiyo wakubwa wa vita hawamtumi kushika nchi. Wanamtuma kushika mahali padogo, uwanja wa ndege au daraja, akae pale hata wafike wale wanaokuja kwa barabara na magari yao. Wasipofika, amekwisha. Mwezi wa Septemba 1944 Waingereza waliwashusha watu karibu 10,000 karibu na mji wa Arnhem, katika Uholanzi, wengine kwa miavuli, wengine kwa ndege zisizo na injini, ili walishike daraja la mto Rhine. Walishuka zaidi ya kilometa kumi mbali na daraja. Kikosi kimoja tu kilifika, kikaishika ncha moja ya daraja siku tatu na zaidi, masasi yakawaishia, na jeshi la barabara lilikuwa bado njiani. Waliorudi kuvuka mto usiku walikuwa karibu robo.

Habari hiyo inasimuliwa sana kwa ushujaa wake, na kweli ushujaa ulikuwako. Lakini je, wale Waholanzi waliotoka nyumbani mwao siku ile kuwapa askari maua na matunda? Wadachi waliwafukuza wenyeji wa Arnhem wote, karibu watu 100,000, wakatembea na vikapu vyao kwenda popote. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma kwa amri ya serikali yao iliyokuwa London, ili kuisaidia kazi ile. Wadachi wakawalipiza kwa kuzuia chakula, na baridi ya mwaka ule, 1944 na 1945, iliwaua kwa njaa watu kama 20,000 wa Uholanzi. Hao hawakuvaa mwavuli wowote. Katika Kreta ilikuwa vivyo hivyo, ijapokuwa huko wenye miavuli walikuwa ni Wadachi wenyewe. Tarehe 20 Mei 1941 walishuka kwa maelfu, wakafa kwa maelfu, hata Hitler hakuruhusu tena shambulio kubwa la namna hiyo. Wanakijiji walikuwa wamewapiga kwa mashoka na bunduki za kuwindia. Siku za kwanza za Juni wanaume wa Kondomari wakapangwa chini ya mizeituni na kupigwa risasi, na kesho yake kijiji cha Kandanos kikabomolewa chote.

Ndiyo kusema, anayeshuka kutoka juu ana ndege nyuma yake. Mwenye nyumba hana.

Sasa tuje kwetu. Waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti 1964. Waliwaua Wakongo wengi hadharani mbele ya sanamu ya Lumumba: makarani, waalimu, watu wa serikali, watu waliojua kusoma tu. Wazee wetu waliona damu hiyo kwa macho yao. Miezi ile dunia haikutuma ndege hata moja kwa ajili yao. Waasi walipowakamata Wazungu na kuwafanya ngao, na redio yao ikawa inatoa vitisho kila siku, ndipo ndege zilipopatikana. Huko Nairobi, tarehe 23 Novemba, mbele ya Mzee Jomo Kenyatta, mjumbe wa waasi na balozi wa Marekani walikuwa wanazungumza bado. Hawakupatana. Alfajiri ya kesho yake, tarehe 24, ndege tano za Marekani zilipita juu ya uwanja wa Simi-Simi na kumwaga Wabelgiji zaidi ya 300. Kikosi chote kilikuwa watu kama 545, chini ya kolonele Charles Laurent.

Tuseme ukweli bila wivu: kazi ya uwanja waliifanya vizuri sana. Waasi walikuwa wametapanya mapipa na magari juu ya njia ya ndege, wapara wakayaondoa chini ya risasi, na katika muda wa saa moja hivi ndege nyingine zilitua na kushusha magari. Lakini uwanja uko mbali kidogo na mji. Tangu mwavuli wa kwanza hata askari wa kwanza kufika kwa mateka zilipita karibu saa mbili. Katika saa hizo waasi waliwatoa mateka kama 250 katika hoteli Victoria, wakawakalisha barabarani, na waliposikia milio ya bunduki inakaribia, wakaanza kuwapiga. Wanawake na watoto walikuwamo. Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kiprotestanti aliyekuwa akiwatibu watu wa Ubangi, alipigwa akiwa anapanda ukuta ili ajiokoe. Wapara walifika dakika chache baadaye. Wakawafukuza waasi, wakawachukua waliobaki, na siku zile watu zaidi ya 1,600 walipandishwa katika ndege.

Msomaji ataona kwamba hatuwanyimi haki yao. Wapo wanaosema hawakupaswa kuja kabisa, ati Kongo ilikuwa nchi huru na wageni wale walikuwa watoto wa wakoloni. Wenye maneno hayo waombwe wakae dakika tano tu barabarani kati ya wale 250, bunduki ikiwa kisogoni, halafu waseme tena. Mtu anayetaka kuuawa haulizi anayemfungua kamba ana bendera gani. Sista aliyeokolewa siku ile alimshukuru Mungu, naye alifanya vema.

Ugomvi wetu ni mwingine. Unahusu orodha.

Wapara walikuja na orodha. Haikuwa siri wala dhambi ya askari mwenyewe: walitumwa kuwatoa wageni, wakawatoa wageni. Wakongo walioingia katika ndege zile walikuwa wachache. Ng'ambo ya mto, ukingo wa kushoto, hawakuvuka, na huko wamisionari waliuawa wakiwa wanasikia ndege. Kabla ya adhuhuri siku ileile likafika lile jeshi la barabara, askari wa serikali pamoja na mamluki, na wao ndio waliobaki na mji. Walipekua nyumba kwa nyumba, na kijana yeyote aliyedhaniwa kuwa Simba alikufa bila kuulizwa jina la baba yake. Katika familia nyingi za Kisangani wanahesabu hivi: baba aliuawa na waasi mwezi wa Agosti, kaka aliuawa na waliokuja kutuokoa mwezi wa Novemba. Picha ya ukutani ingewapaka wale wa Novemba mabawa.

Na Paulis, ndio Isiro? Hapa tunamwomba yule mzee wa komite asome polepole, maana hapa ndipo alipokosea.

Habari ya Stanleyville ilipofika Paulis, waasi walikasirika, na usiku ule waliwaua baadhi ya mateka, mmoja wao mmisionari wa Kiprotestanti aliyepigwa kwa fimbo hata akafa. Tarehe 26 Novemba wapara 256 wakashushwa pale katika ukungu wa asubuhi. Waliwatoa watu zaidi ya 350. Siku hiyohiyo, Wamba, kusini-mashariki ya Isiro, Askofu Joseph Wittebols aliuawa pamoja na mapadri wake. Hakuna ndege iliyokwenda Wamba. Tarehe 27 wapara wakapanda ndege zao na kuondoka Isiro. Nyuma yao hakukuwa na jeshi la barabara. Mji ukarudi mikononi mwa waasi, na sasa walikuwa na uchungu na hasira kuliko kwanza.

Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, kwenye nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu. Waliwapakia wote katika lori, ati kwa usalama wao, ati wanawapeleka Wamba. Njiani wakageuzwa kuelekea Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, katika nyumba moja ya Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alimkataa kolonele wa waasi aliyemtaka, akapigwa, akachomwa, akapigwa risasi, akafa. Umri wake haukufika miaka thelathini. Alimwambia mwuaji kwamba anamsamehe.

Hesabuni wenyewe, ndugu. Kati ya tarehe 27 Novemba na 1 Desemba kuna siku nne. Basi wapara hawakuchelewa kufika Isiro. Walifika mapema! Walikuwapo, walilala pale, wakatembea katika barabara zile ambazo lori la masista lilipita baada yao, wakaondoka. Mwanzoni mwa Desemba walikuwa wanapokewa kwa shangwe Bruxelles. Bafwabaka haikuwa katika orodha kwa sababu masista wa Bafwabaka walikuwa Wakongo, na hakuna aliyefikiri kwamba wanahitaji kuokolewa kutoka kwa Wakongo wenzao.

Mtu atatuambia: mngetaka wabaki? Mngetaka Wabelgiji warudi kushika nchi, miaka minne baada ya uhuru? Swali hilo ni la haki, wala hatulikimbii. Ilikuwa imepangwa kwamba watashuka tena Bunia na Watsa. Mipango hiyo ilifutwa, maana kelele za dunia zilizidi na wakubwa wa Bruxelles na Washington waliogopa. Mwezi wa Desemba wajumbe wa nchi za Afrika walisimama katika Umoja wa Mataifa wakauliza kwa uchungu kwa nini damu ya Wazungu wachache imezitikisa ndege, na damu ya maelfu ya weusi haikuzitikisa. Waliuliza vema. Lakini baadhi yao walikuwa wakiwapa silaha wale waliokuwa wanaimwaga hiyo damu ya weusi, na katika hotuba zao jambo hilo hatulisikii. Hivyo mwenye ndege alikuwa na orodha yake, na mwenye hotuba naye alikuwa na yake. Watu wa Bafwabaka hawakuandikwa katika yoyote.

Jibu letu basi ni hili. Hatusemi wangebaki. Twasema aliyewapanga alijua, au alipaswa kujua, kwamba mwavuli ni kazi ya saa chache, na kwamba kupiga mzinga wa nyuki na kukimbia ni kuwaachia jirani wale nyuki. Katika Stanleyville jeshi la barabara lilipangwa lifike siku ileile. Katika Paulis halikupangwa. Tofauti hiyo haikuletwa na upepo wala ukungu, iliandikwa na watu kalamu mkononi. Walihesabu siti za ndege na Wazungu wa kuwatoa, na hesabu ikatoka sawa.

Na yule kijana wa nyuma, aliyesema vita vya mashariki vingekwisha kwa juma moja? Huyu tunampenda, na ndiye anayetutia hofu zaidi. Kwake yeye picha ile ni tumaini. Amechoka kungoja, nani hajachoka? Lakini asome habari ya Kolwezi. Mwezi wa Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji ule wa migodi. Tarehe 16 serikali ya Zaire ikakishusha kikosi cha wapara wake yenyewe, kikosi kimoja tu, mchana, katikati ya adui, bila wa kuwafuata nyuma. Waliangamizwa karibu wote. Hao walikuwa vijana wa nchi hii, nao walikuwa mashujaa kama wengine, lakini hatujaona ukuta uliochorwa kwa ajili yao. Siku tatu baadaye, tarehe 19, wakashuka Wafaransa wa Legioni kwa mamia, wakaushika mji. Wazungu zaidi ya mia moja walikuwa wamekwisha kuuawa, na Waafrika kwa mamia. Wafaransa wakaenda zao, Wabelgiji nao. Mobutu alibaki miaka kumi na tisa zaidi. Kijana wetu aliyesifu wapara alizaliwa katika vita vilivyofuata.

Kuhusu Malaika Mikaeli tuseme neno fupi tu. Tunajua kwamba majeshi mengi yamemchagua awe msimamizi wa askari wa miavuli, na askari anayeruka gizani ana haki ya kumwomba. Lakini kumwomba malaika si kumvika kombati. Huyo Mikaeli wa karatasini alikuwa na kofia ya Kibelgiji! Tulimwonyesha mchoraji kwa kidole, naye akacheka, akasema aliinakili katika gazeti la zamani.

Hatukuja kuharibu tu. Tulileta shauri letu, na tunaliandika hapa ili parokia nyingine zilisikie. Mchoreni Anuarite na lori. Wachoreni masista wenzake juu ya lori, na barabara nyekundu ya msitu, na mvua ya Novemba. Mwandikeni askofu Wittebols. Halafu pembeni acheni nafasi kubwa ya majina, na kabla ya kuchora mwende nyumba kwa nyumba na daftari, kwa maana wazee waliokuwa na umri wa miaka ishirini wakati ule sasa wamepita themanini, na kila mwezi tunazika mmoja. Waulizeni waliouawa wa familia yao ni nani, mwezi gani, na nani aliyewaua, awe Simba, awe askari wa serikali, awe mamluki. Andikeni wote. Majina ya Wazungu waliokufa siku zile yamechapwa katika vitabu, mtu anaweza kuyasoma Bruxelles. Majina ya wetu yako vichwani mwa wazee.

Mzee wa komite hakukubali siku ile. Alisema wapara walimtoa padri aliyembatiza, alimwona kwa macho yake akipanda ndege, na kwamba sisi tulio vijana tunaongea kwa vitabu. Tulinyamaza, maana padri yule kweli aliokoka, na sisi tungekuwa wapumbavu kubishana na machozi ya mtu mzima. Lakini alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akatuuliza kama katika daftari hilo anaweza kuandikwa dada yake. Tukamwambia ndiyo. Akataja jina na kijiji, nasi tukaandika palepale, nyuma ya karatasi ya mchoraji.

Mchoraji amekubali kungoja hata Pasaka. Daftari lina majina arobaini na mawili.